Sashe nimero 47 na bustani ya mama-mukwe

Mama Agnès wa radio, mi ni Stany, nakusikiaka kila juma hapa Kolwezi, na leo kichwa yangu imevurugika kabisa, nisaidie, juu sijui tena nashika wapi naacha wapi.

Kazi yangu ni kukusanya budongo bupimwe kama buko na sumu. Bakubwa ba kazi banakata karte, ramani ya inchi, mu makare, ni kusema miraba: kule mu pori ya Mutshatsha kare moja ni kilometa kumi, lakini huku karibu na mine, mugodi, banaikata tena mu makare madogo ya metre mia, na mashine ya kompyuta njo inachagua mahali pa kutoboa, ili pori ipate sehemu yake, mashamba yapate, cité, kwenye nyumba za batu, ipate, tusichimbe tu pale njia iko muzuri. Basi mwezi wa tatu mashine ikachagua, mi naangalia mu tableti, nazunguka, naangalia tena, eh Mungu wangu! ni nyuma ya jiko ya Mama Mbelu, mama ya Josée, bibi yangu wa ndoa, mu bustani yake ya lengalenga, ile muchicha. Na unajua sisi batu ba Kasai, mukwe haingiake nyuma ya nyumba ya mama-mukwe, na kumuchukulia budongo mu sashe, mu kifuko, tena, si angesema namuloga? Nikasimama pale na chuma yangu ya kutobolea, haya ikanishika, nikaenda kutoboa pa ukuta wa kanisa, makare tatu mbele, nikaandika nimero ya kwake, 47. Nilijiambia kare kubwa ni ile ile, hesabu ya sashe imetimia, ubaya uko wapi?

Sasa majibu ya labo, kule banapimia budongo, imetoka, kare yake bameipaka kijani mu karte, maana yake budongo buzuri, na Mama Mbelu kusikia vile akafurahi, akaongeza mistari mbili ya lengalenga pembeni ya mufereji wenye kuleta mayi toka mine. Kila juma anatumia batoto bangu lengalenga, banakula, na mi sahani yangu naisukuma pembeni. Nikisema, napoteza kazi na mama-mukwe. Nikinyamaza, naogopa. Mama Agnès, kosa yangu ni kubwa, ao ni ya metre mia tatu tu?

*

Stany, tata, aksanti kwa kusema, najua ilikuwa nguvu. Lakini ginsi gani unaogopa mama akuite mulozi, halafu unamuacha anakula kitu chenye hakuna mutu amepima? Heshima gani hiyo!

Metre mia tatu, unasema. Bakubwa bako banakata makare madogo huku kwetu juu ya nini? Juu huku budongo bunabadilika toka lupango moja, kiwanja moja, mpaka ingine. Pa kanisa mufereji haupite, kwa Mama Mbelu unapita. Pengine budongo bwake ni buzuri. Pengine hapana. Mi sijui, wewe haujui, na ile kijani nayo haijui kitu.

Kesho asubui enda kwa shefu wako, umwambie: sashe 47 haikutoka pale. Usilete hadithi. Anaweza kukufukuza, siwezi kukudanganya, lakini akisikia toka kwa mwingine, atatupa sashe zako zote. Omba mwanamuke mumoja wa ekipi, kikundi yenu ya kazi, njo atoboe. Na Josée, mwambie leo. Yeye atangulie na jogoo ya kuombea musamaha, aeleze mama yake, juu mambo ya bukwe hatusemake sisi wenyewe kinywa kwa kinywa. Batoto basiguse ile lengalenga mpaka labo ijibu.

Na siku ya kutoboa usijifiche, tata. Simama pa mulango wa mbele, kichwa chini, mama akuone. Akiuliza kwa nini mukwe wake anamuchukulia budongo, Josée amujibu: juu batoto bake banakula ya bustani yako.