Sukari, Limau na Kidevu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baba naye hajambo, bado anabishana na redio. Huku mimi ni mzima wa afya, ila mikono tu ndiyo inayonata.

Mdogo wangu amenifikishia ujumbe wako kwamba siku ya kufungua duka hutaweza kuja, eti goti haliruhusu. Nimesikia, mama, lakini sijakubali. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza nikupe habari. Ile gundi yangu ya kuondolea nywele, uliyoicheka ukasema napoteza sukari, sasa ina nyumba yake. Ilianzia kwenye sufuria uliyonipa nilipohama: sukari, limau, maji kidogo, basi. Mara ya kwanza niliipitiliza moto ikawa peremende. Mume wa jirani, dereva wa lori, alikidokoa kipande dirishani akakitafuna, na jino lake lililokuwa limelegea likabaki humo. Akaniambia nisiwe na shaka, dawa yangu inang'oa.

Siku hizi gundi hainiwezi. Ikifika rangi ya chai ya rangi nadondosha tone kwenye maji baridi na kulifinyanga. Likiwa kidonge laini, imeiva. Likivunjika, tunaigawa kwa watoto.

Msusi wa ghorofa ya chini ndiye aliyeijaribu miguuni mwake, akapiga yowe moja, kisha akaomba kopo zima. Wateja wake wakaona miguu, wakauliza. Wauguzi wakaja, maharusi wakaja, hata mwalimu wa kuogelea, mwanaume mzima mwenye kifua kama mkeka. Sikubandika tangazo hata moja, chema chajiuza. Sasa mimi na msusi tumekodi chumba kilichokuwa cha fundi viatu. Tumepaka rangi, jiko liko nyuma, na mbele kuna viti viwili karibu na dirisha. Bado kinanukia ngozi kidogo, lakini limau linashinda.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla aliniuliza wazo hili nililitoa wapi. Nilicheka tu nikamjibu kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe nitakuambia.

Mama, nami ninazo. Za kidevuni, nyeusi, ngumu, kama zako. Zilianza mwaka ule ule nilipohama. Siku nilipoiona ya kwanza kwenye kioo nilikuona wewe, umesimama dirishani na kibano, umetupa mgongo. Nikakumbuka kila picha yetu, umeshika kidevu, nasi tukikutania kwamba unawaza sana. Nikakumbuka harusi ya mdogo wangu, ulivyobaki garini hadi watu wakatawanyika. Lile goti, mama, halijawahi kuwa na kosa lolote. Nililia sana siku hiyo, kisha nikaenda kununua sukari. Kopo la kwanza nililipika kwa ajili yetu sisi wawili, nikakosa tu ujasiri wa kukuambia.

Sasa ninao. Tangu nipate ujumbe wako sijagusa kidevu changu. Jana mteja alinikazia macho hadi akashindwa kuvumilia, akauliza kama dawa imeisha nguvu. Nikamwambia dawa ni nzima kabisa, ila namsubiri mama.

Kiti cha dirishani ni chako. Tutafunga mlango, mimi nikutoe zako, nawe unitoe zangu; nitakufundisha kuvuta. Na ukiona tuziache, tutaziacha, tufungue mlango hivyo hivyo tulivyo. Uamuzi ni wako, ila uje. Na uje upesi, maana muuza dawa ya nywele mwenye ndevu atakula hasara.

Nisalimie baba, na umwambie redio haimsikii. Msusi anakusalimu, anauliza unapenda mto laini au mgumu.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
mwenye kidevu chako.