Mfuniko Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimetimiza miaka kumi na tisa kwenye meza ya ukaguzi kiwandani. Hakuna aliyekumbuka ila mimi. Nikajipongeza kwa chai ya maziwa na kumshukuru Mungu. Miaka kumi na tisa napima mifuniko ya sufuria za presha kwa sikio — na haujarudi hata mmoja! Mashine ya kupimia ipo, ililetwa kwa mbwembwe, sasa imefunikwa kitambaa. Meza yetu tunasikiliza. Mfuniko mzima hunyamaza kabla ya kupiga firimbi. Mbovu hunong'ona pembeni, ssss, kama mtu anayesengenya. Ukinyamaza, naugonga muhuri wa tarehe na namba yangu, 17. Najivuna, Mungu anisamehe.

Jioni kaja shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, dereva mstaafu. Simu mkononi. Bosi wetu kachafua hewa tena! Kiwandani tunamwita Bwana Kidole, maana kidole hakibanduki kwenye simu. Watu milioni mbili wanamfuata huko mtandaoni. Mama mmoja mteja kaweka picha: mfuniko umevujisha mvuke, vidole vimebabuka kidogo. Kauliza kwa adabu tu. Bwana Kidole kamjibu arudi kwao akafundishwe kupika, na mtu akimwonyesha kosa kwenye ule mfuniko atautafuna hadharani. Shemeji kacheka mpaka kakohoa.

Mimi nikaikuza ile picha. Ukingoni pale — 17.

Jumanne, 5 Agosti

Roho juu kutwa nzima. Daftari langu halina siri: mfuniko ule niliupima mimi, tarehe 12 Juni, nikautia tiki. Tiki nzuri kabisa, haikutetereka.

Kina mama huko mtandaoni wanaonyesha sufuria zetu zikiwa jalalani. Jalalani! Na ile kampuni yake nyingine ya heta za maji, isiyohusiana na sisi hata kidogo, nayo hisa zake zimeshuka. Msimamizi wetu kasema tusiongee na waandishi. Nani aongee?

Jumatano, 6 Agosti

Hisa zetu zimeshuka siku ya tatu. Maduka mawili makubwa yamesitisha oda. Zamu ya mchana imefutwa. Wawekezaji wamemtaka Bwana Kidole aombe radhi, naye kawajibu — mtandaoni, watu wote wasome — kwamba radhi wanaomba wezi. Asubuhi hisa zilikuwa zimeanza kuinuka. Alipoandika hilo, hata saa haikuisha, zikalala chifudifudi. Kidole kimoja, watu mia nne wanakaa nyumbani!

Shemeji aliweka kiinua mgongo chake karibu chote kwenye hizo hisa. Kwa sababu yangu. Huwa anajitapa kwa kinyozi, "Hiyo kumi na saba mnayoiona kwenye mifuniko ni shemeji yangu!" Leo hakutania. Kaulizia chai tu, kanywa, kaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelijua kosa. Naliandika hapa kabla sijalisema popote.

Msimamizi kapita mezani kwangu: "Dada, mbona siku hizi huimbi? Juni ulikuwa unatuburudisha na mapambio yako." Juni tulikuwa na mazoezi ya kwaya, mimi sauti ya pili. Pambio lile jipya lilikuwa halinitoki. Nilikuwa nalivumisha mezani kutwa, midomo imefungwa. Nikachukua mfuniko mbovu, ule tunaofundishia wageni, nikaupandisha jikoni, nikaanza kuvumisha. Sikusikia kitu. Nikanyamaza — ssss, waziwazi. Nikarudia mara tano.

Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliufunika mnong'ono. Nikaenda chooni nikalia. Kumsifu Mungu si kosa, lakini niseme kweli: nilipenda pia kusifiwa mimi. Bwana, umeniona.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia msimamizi. Kavua miwani. "Umefikiria vizuri? Watasema ni wewe."

"Ndiyo, ni mimi."

Kachukua ufunguo wa stoo. Sufuria za siku zile za Juni zilizokuwa bado humo ni sitini na moja. Nikadhani nitazipima peke yangu. Hee! Wenzangu, hao hao waliofutiwa zamu, wakaingia mmoja mmoja na aproni zao. Hakuna aliyewaita, hakuna atakayewalipa. Mmoja kaninyooshea kidole: "Wewe leo ukivumisha tu, nakuziba mdomo na mpira wa mfuniko!" Tukacheka, halafu kimya. Kimya cha ajabu. Mtu akitaka kupiga chafya anakimbilia nje. Mbovu tumepata nne. Nne tumezitenga, hamsini na saba tumezigonga upya, na kila mmoja akagonga namba yake kando ya yangu. Sijawahi kujivunia watu namna hii. Wawekezaji wangewaona hawa kwanza, ndipo wapange bei ya hisa!

Zilizokwisha kuuzwa ndizo zinanikaba. Msimamizi kaandika barua ofisini zirudishwe zote za siku zile. Hajajibiwa.

Nimepitia kwa shemeji, nikamweleza yote. Kakuna kichwa.

"Ukilisema hilo hadharani, shemeji, mimi nimekwisha."

"Najua, baba."

"Na usiposema?"

"Kuna mama mwingine ataungua."

"Basi sema. Mimi pesa zangu sikuziweka kwenye mdomo wa yule bwana. Niliziweka kwenye sikio lako." Halafu kaniuliza kama nitamlisha uzeeni. Nikamwambia nitamlisha, lakini vyombo ataosha yeye.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwenye kijitabu, hapa hapa mezani. Maji bado hayajachemka.

Wawekezaji wamemwambia Bwana Kidole: pima huo mfuniko mbele ya watu, au uachie kiti. Naye jana katangaza atarusha moja kwa moja kutoka kiwandani, na "mkaguzi wetu bora" atathibitisha. Kabla ya kunipigia! Asubuhi ndipo kanivuta pembeni, karibu na makabati ya nguo. Ni mdogo kuliko kwenye simu. Nikamwambia wazi: mfuniko ni mbovu, kosa ni langu, na mifuniko mingine kama huo iko majumbani mwa watu.

Kafuta jasho. "Mama, tuseme mpira umechoka kwake yule mteja. Mipira si huchoka?"

"Huchoka. Huu haujachoka."

"Unajua watu wangapi wanakula kupitia mimi?"

"Nawajua, bosi. Jana walikuwa hapa wanapima bure."

Nilidhani ataahirisha. "Nimeshawaita," kasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyefungiwa chumbani.

Sasa wote wapo. Wawekezaji watatu wamesimama, hawataki kuegemea kitu wasichafuke. Mama mwenye mfuniko kapewa kiti, plasta kwenye vidole viwili. Nimemwomba radhi mimi mwenyewe, kabla ya kamera kuwashwa. Kanishika mkono kwa ule mzima. Wenzangu wamejipanga ukutani na aproni safi. Mungu wangu, walivyopendeza!

Simu iko kwenye miguu mitatu ya kamera, inarusha. Msimamizi kaninong'oneza: watu laki tatu wanatazama. Bwana Kidole anaongea tangu alipoingia. Nimemwambia, mbele ya laki tatu hao, kwamba hapa mezani mtu akipima wengine hunyamaza. Amenyamaza! Mikono hajui aiweke wapi.

Maji yameanza kugonga chini ya sufuria. Nainamisha sikio, kalamu bado mkononi. Umeanza, ssss, ukingo wa kushoto. Wao hawausikii bado. Yeye haitazami sufuria, ananitazama mimi usoni, na midomo yake inauliza bila sauti: vipi, mama?