Taya la Baba Kwenye Rafu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji bado anakuvumilia. Sisi hatujambo, na mara hii neno hilo naliandika kwa moyo mweupe. Mwandiko ukipinda nisamehe, naandika nimelala.

Unamkumbuka binti yangu na lile jino lake la utoto lililogoma kung'oka? Katimiza miaka kumi na mmoja, jino lipo palepale. Mke wangu akanisuta kwamba nawatengenezea meno bandia watu wa mji mzima, ila mdomo wa mwanangu siujui. Nikampeleka kwa daktari wa meno ninayemfanyia kazi. Akapiga picha, akaniita niitazame. Ndani ya taya mlikuwa na meno ya ziada yaliyojificha, na kando yake vinundu vya mfupa. Akaniuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa kwa saratani ya utumbo. Nikamjibu kwamba Baba alikufa kwa vidonda vya tumbo, kama tulivyoambiwa. Akauliza alikuwa na umri gani. Nikasema arobaini na miwili.

Niliporudi karakana nilishusha kwenye rafu ile plasta iliyochukua umbo la taya la Baba, niliyoitumia kumtengenezea meno bandia nikiwa bado mwanagenzi. Miaka yote nimeitumia kugandamizia karatasi zisipeperushwe na feni. Nikapitisha kidole: vinundu vilevile, mahali palepale. Nikakumbuka Baba alivyolalamika kwamba meno yanambana, nami nikachukua tupa nikayakwangua mpaka yakaingia, nikajiona fundi kwelikweli. Nililia, Dada, sikufichi.

Damu ya mtoto ilipopimwa, ikawa ni ugonjwa wa kurithi, unaoweza kujionyesha kwenye meno miaka mingi kabla ya kuharibu utumbo. Wakamchunguza tumbo kwa kamera. Vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani walivikuta vichache, vidogo, wala hakuna kibaya. Atachunguzwa kila mwaka, na siku ya kumtibu ikifika tutakuwa tumewahi. Alipozinduka aliuliza kama kamera hiyo ndiyo iliyompiga picha ya meno, na kama ni hiyo, ilianza upande upi. Nilicheka hadi muuguzi akanitoa nje.

Sasa nina la kukiri. Ile safari ya kikazi niliyokuagia haikuwepo. Nami nilipimwa: mimi ndiye niliyemrithisha mtoto, na utumbo wangu mpana ulikuwa umejaa vivimbe. Wameukata. Majibu ya maabara yametoka jana: saratani ilikuwa haijaingia. Daktari aliyenipasua aliniambia, "Ungekaa mwaka mmoja zaidi, tungekuwa tunaongea mengine." Nilikuficha kwa kuwa niliogopa machozi yako kuliko kisu. Nimekosea. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi kilio hicho tumeshakilia mara moja.

Nawe, Dada, ulikuwa na jino la ziada, ukalionyesha darasa zima kwa maringo. Huenda si kitu. Lakini kwa kila mtoto wa Baba, uwezekano wa kuurithi ni nusu kwa nusu, nami sitaki kubahatisha juu yako. Ndani ya bahasha nimeweka barua ya daktari na picha ya ile plasta. Nenda wiki hii.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, kisha wachungulie midomoni. Mtoto anakusalimu kwa meno yake yote. Na ukifika kliniki wakikuuliza nani kakutuma, usinitaje mimi. Sema umetumwa na Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Meno