Mpira Uliokosa Mwenyewe

Torreón, Agosti

Mdogo wangu Eridanio,

Hujambo, na nyumba nzima haijambo? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mimi nakula na kulala, kwa hiyo mzima, ila nimechoka, Eri. Nimechoka hoi. Tukishuka kwenye basi tunacheza besiboli, tukimaliza kucheza tunapanda tena. Asubuhi tortilla, hivi vichapati vya mahindi vya huku, jioni tortilla. Natamani ndizi za kuponda za mama mpaka naziota.

Najua habari za Jumapili zimeshafika huko San Pedro, na chumvi juu. Basi sikia kwangu. Ilikuwa zamu ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, amebaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa tushinde. Mpira ukapigwa juu, mwepesi, hata mama angeudaka. Sheria yetu unaijua: mpira wa juu, mlinzi namba sita, yaani mimi, akishaita, wote wanapisha, hata kama unawaangukia mdomoni. Nikaita kwamba ni wangu. Wilkin wa kituo cha pili, aliyekuwa chini yake kabisa na glovu wazi, akarudi nyuma. Mpira ukaanguka katikati yetu, puu! Wapinzani wawili waliokuwa vituoni wakakimbia mpaka kituo cha nyumbani, pointi mbili, tukafungwa.

Weee, nilitukanwa! Mmoja akaniambia babu rudi kwenu ukalee wajukuu. Mwingine akauliza kama nilikuwa nangoja mpira upige hodi. Kocha Ledezma aliponiuliza kulikoni nikasema taa zimeniumiza macho, akanipigapiga begani, akazilaani taa.  Wilkin aliniletea kahawa tu, akakaa kando yangu. Hiyo kahawa iliniuma kuliko matusi yote.

Maana taa hazina kosa, Eri. Jicho langu la kulia limekufa. Tangu ule mpira ulionigonga usoni mwaka juzi limekuwa likififia, na sasa ni ukungu mtupu. Mpira wa chini naufuata kwa mlio wa gongo na kwa mazoea. Wa juu siuoni. Jumapili sikuuona hata kidogo, niliita kwa sababu maisha yangu yote nimeita. Mdomo ulitangulia. Daktari amesema halirudi. Jana nilimfuata kocha, nikamweleza kila kitu, nikamrudishia jezi. Nililia mbele yake, sikufichi.

Mama mwambie taratibu, akishakula. Baba mwache, nitamwambia mwenyewe. Najua ameshatangaza kwa kinyozi kwamba msimu wa Krismasi nitachezea timu ya nyumbani, na nimesumbuka sana nikifikiria uso wake.

Na wewe nina neno nawe. Tulipokuwa wadogo baba alikuhamishia kituo cha pili ili namba sita iwe yangu, akakuambia umpishe kaka yako. Ukapisha mpaka mipira iliyokuwa yako kabisa, nami nikakucheka, nikikuita bwana mlango, anayefungukia kila mtu. Nawe ukaendelea kunipisha.

Nisalimie shangazi Altagracia na watoto wako wote, na umwambie mkeo aniwekee samaki wa nazi. Jumapili nitakayofika, kwenye uwanja wa kiwanda cha sukari, namba sita ni yako. Mimi nipange popote. Na mpira ukipanda juu, ita wewe, bwana, ita kwa nguvu nisikie. Nitakupisha.

Ni mimi kaka yako,
Nelfry