Mistari Myeupe Kwenye Majukwaa ya Katikati

Mpendwa mshauri wa gazeti, naomba msaada wako kabla Jumamosi ya mwisho wa mwezi haijafika, na mwandiko unisamehe, shule niliishia darasa la nne, mimi ni kijana wa kufunga nati kwenye ukumbi mpya wa ule mchezo wa vijana kuruka kuta na kuning'inia kwenye mabomba, zamani lilikuwa ghala la magunia, na aliyeuchora na anayeusimamia ni shemeji yangu, mume wa dada, nakaa kwake, nakula kwake, ufundi amenifundisha yeye, kwa hiyo unaona ninapoanzia ni pabaya.

Shemeji alinifundisha nati ikishakazwa unapiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe, unaanzia kwenye nati unaishia kwenye chuma, ili nati ikizunguka hata kidogo mstari ukatike na jicho lione. Mistari yangu naijua kama meno yangu. Sasa wiki tatu hizi naikuta imekatika, na si kila mahali, ni kwenye majukwaa mawili tu ya katikati, pale mtoto anaporuka kutoka la kwanza kwenda kutua la pili, nikikaza leo, kesho kutwa imekatika tena, na mara nyingine nakuta imepigwa rangi upya, minene, ya mkono usio wangu. Kwanza nilimshuku mlinzi, lakini huyo niliwahi kumsingizia wizi wa glavu zangu, zikaja kuonekana ndani ya buti langu mwenyewe, mafundi wakanibandika jina la Mpelelezi mpaka leo, basi safari hii nikanyamaza nikawa natazama tu.

Siku moja wenzangu wakienda kula nikamwaga unga wa mbao chini ya majukwaa, kurudi nakuta alama za kiatu, kisigino kimelika upande wa nje, na kiatu hicho nakipiga brashi mimi kila Jumapili, ni cha shemeji. Na yeye siku hizi hashiki chuma, kazi yake michoro, lakini mfuko wake wa michoro una spana, niliupapasa. Na zamani tulikuwa tunakula kwa zamu, sasa anatutoa wote kwa pamoja. Na kocha, yule mama atakayefundisha watoto, akija kukagua, shemeji anatembea kati yake na yale majukwaa kama kuku anayelinda mayai. Tena mimi tepu siisomi vizuri, napima kwa miguu, na ule mwanya kati ya majukwaa hayo mwezi uliopita ulikuwa miguu minane, sasa ni saba, nikajiambia labda miguu imekua, ila viatu ni vilevile.

Nikamwuliza kwa mbali, nikasema shemeji, nati za katikati zinachoka. Hakunitazama, akasema, "Wewe kazi yako kukaza. Kushangaa waachie wageni." Nikamgusia dada, akacheka, akasema upelelezi wangu umeanza tena, na mumewe hata kitanda kikilia anaamka kukikaza. Dada ana mimba ya miezi saba, na mtoto wao wa kwanza, ana miaka tisa, amechaguliwa kuruka wa kwanza Jumamosi hiyo ya ufunguzi. Mtu gani anafungua nati atakazorukia mwanawe? Labda ana kisa na mwenye ukumbi, labda anataka paharibike aitwe tena. Nikisema nitakuwa nimemchoma aliyenilea, nikinyamaza mtoto akaanguka nitamtazama dada kwa macho gani, nifanye nini mshauri.

Mimi Mpelelezi, mfunga nati.

*

Ndugu Mpelelezi,

Pole, mzigo huo ni mkubwa kwa mtu mmoja. Ila nawe una makosa yako. Umechungulia kiatu, umepapasa mfuko, umemwaga unga, halafu jambo kubwa kuliko yote ukaisingizia miguu yako. Mwanya umepungua! Anayetaka jukwaa lianguke halisogezi. Barua yako nimemsomea fundi mmoja wa vyuma ninayemwamini, akaguna. Anasema mchoraji akipima mwanya kwa mruko wa mtu mzima, kisha akakumbuka wanaokuja ni watoto, anaweza kulegeza nati na kusogeza kidogo kidogo akitumaini hakuna atakayejua. Na matundu yakisumbuliwa hivyo yanapanuka, nati haishiki tena hata ukaze mishipa ikutoke.

Kwa hiyo shemeji yako huenda si mbaya, ana aibu tu. Lakini aibu yake haitamdaka mtoto hewani. Na kama mimi na fundi wangu tumekosea? Vilevile. Huhitaji kujua ni nani na kwa nini ndipo uzuie watu wasipande.

Dada mwache, mjamzito wa miezi saba si ofisi ya malalamiko. Kesho asubuhi mfuate shemeji peke yake, mwambie maneno haya, yakariri kama huna uhakika na ulimi wako: "Shemeji, majukwaa ya katikati yamesogea na nati hazishiki. Yafunguliwe yote, yafungwe upya, na kocha awepo." Usimtaje mlinzi, usitaje unga, usimwulize sababu. "Zinachoka" ni fumbo, na mwenye jambo la kuficha hupenda sana mafumbo. Mpe mpaka mchana aende kwa kocha mwenyewe, ili heshima yake ibaki mikononi mwake. Asipokwenda, nenda wewe. Mwonyeshe mistari iliyokatika, mpimie mwanya, kisha nyamaza. Kwa kunyamaza hakuna wa kukufundisha.

Atakasirika. Pengine utalala kwa rafiki siku tatu nne, tafuta rafiki huyo leo. Kumkosea adabu mkubwa kunaombewa radhi, shingo ya mtoto ikivunjika hakuna radhi.

Na kabla ya hayo yote, chukua kamba, funga ngazi ya kupandia majukwaa hayo juu mpaka chini. Hilo halihitaji ujasiri wa kusema neno hata moja. Kunja gazeti uende ukafunge.