Mbishi Karudi Kutoka Jeshini

Jumatatu, 3 Machi
Mbishi karudi! Miaka miwili jeshini, leo kaingia saluni kanyooka kama rula. Nimemkumbatia, mgongo mgumu kama ubao. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi, maana tangu utotoni alikuwa anabishia hata salamu. Ukimwambia habari za asubuhi, anakuuliza nani kasema ni asubuhi. Kesho anarudi kwenye kiti chake, pembeni ya changu. Saluni ni yetu sisi wawili, tuliifungua pamoja kabla hajaenda.

Jumatano, 5 Machi
Jamani, raha. Nimekuta sakafu inang'aa, vitana vimepangwa kwa urefu, taulo zimekunjwa pembe kwa pembe. Mchana kala wima, mimi sijamaliza kupuliza chakula yeye anaosha sahani. Nikamwomba anipe draya — "Ndiyo, afande." Tumecheka wote. Mimi nimecheka zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mmoja kataka nywele nyekundu. Mbishi wa zamani angemwambia ukweli mpaka alie, kisha ashukuru. Leo kampaka nyekundu. Mwalimu wa watu katoka kama jogoo! Nikamuuliza Mbishi mbona hukumwambia. Kasema, si kaagiza.
Mama yake kapita jioni, furaha tele. Eti jeshi limemnyoosha, sasa akimwambia kaa anakaa. Nimeitikia tu. Moyoni namkumbuka yule mwingine.

Jumatatu, 10 Machi
Mwenye nyumba kaja. Kodi tumelipa vizuri tu, lakini chumba anakitaka kwa ajili ya mpwa wake, auze simu. Tutoke kabla ya Jumamosi, na kesho anamleta huyo mpwa apime chumba. Nikamgeukia Mbishi. Zamani mzee huyu kila akijaribu kupandisha kodi, Mbishi alimtoa jasho mpaka akaondoka anaomba radhi. Nikasubiri. Nikasubiri tena.
Mbishi kasema sawa, mzee. Kisha kachukua bisibisi, kaanza kufungua kioo ukutani.

Jumanne, 11 Machi
Saluni hii ndiyo riziki yangu, na mimi kubishana siwezi — nikikasirika nalia. Asubuhi nikamkalisha kwenye kiti cha wateja. Shoga yangu, huko walikufanya nini? Kasema huko ukibisha wewe, wanaadhibiwa wenzako. Walikimbizwa juani kwa sababu ya mdomo wake mpaka mmoja akaanguka. Tangu hapo mdomo ukajifunga wenyewe. Kayasema kama anayemtajia mteja bei ya kusuka. Mimi ndiye niliyelia.
Kisha nikapata akili. Kama ni amri, si nitoe amri! Nikasimama wima: mwenye nyumba anakuja leo, nakuamuru umbishie. "Ndiyo, afande." Kasimama mlangoni, mikono nyuma. Nikajipongeza.
Mzee huyo anavuka barabara, namwona dirishani, na mpwa wake kashika futi ya kupimia. Naandika mbiombio. Mbishi kanigeukia, kaniuliza taratibu, nimwambie nini?