Kisukari cha Teke

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Hospitali Kuu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Kifua chako kimepoa? Wifi na wanangu hawajambo? Sisi huku tunapumua, ingawa uzima wetu una viraka. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kitindamimba wetu, Kitinda, hakuanguka ngazi kama tulivyokuambia kwenye simu. Shemeji, yule fundi magari tuliyemsifu upole siku ya harusi, alimwangusha jikoni akampiga teke la tumbo kwa buti la kazini. Akarudia, akarudia tena, mpaka mdogo wetu akatapika damu. Daktari wa upasuaji alikuta kongosho limekatika kama tango. Kilichobaki hakizidi kidole gumba.

Kongosho ndilo linalotoa insulini na maji ya kusaga chakula, kaka. Sukari ikampanda. Kliniki wakamwandikia kisukari cha aina ya pili, kile cha watu wengi, wakampa vidonge. Havikufua dafu. Chakula kikawa kinapita bila kusagika, akakonda kama ufito, hadi akazimia bafuni, akalazwa hapa tena.

Unajua kazi yangu hapa masjala ni kuupa kila ugonjwa msimbo wake, namba ambayo kila daktari ataisoma kabla ya kumtibu mgonjwa. Daktari wake alinifuata na faili. Akasema hiki si cha aina ya kwanza wala ya pili, ni kisukari cha kongosho lililoharibiwa, nacho huandikwa pamoja na msimbo wa kilicholiharibu. Tukaenda wote kitandani kumuuliza. Kitinda akageukia ukuta.

“Ngazi,” akasema, ingawa siku ya upasuaji niliiona alama ya buti tumboni mwake.

Kesho yake shemeji, aliyesikia tunauliza chanzo, akaingia masjala.

“Andika aina ya pili. Sukari iko kwenye ukoo wenu.”

“Ukoo wetu hauvai buti, shemeji.”

Alinikaba koo, akanibamiza uso kwenye kioo cha dirisha la kupokelea mafaili. Jino likang'oka. Mkono wangu ukapapasa mezani ukaangukia ile mashine ya chuma ya kutoboa karatasi, nikamtwanga nayo shavuni, nikasikia mfupa ukilia. Sijutii, kaka. Mlinzi na wabeba machela wawili wakamlaza chini, naye bado anapiga kelele kuwa atatuzika mimi na dada yangu kaburi moja.

Kitinda alizisikia kelele zile akiwa wodini. Akaja anaburura chuma cha dripu, miguu mitupu juu ya vioo. Akanitazama damu ilivyonilowanisha. Kisha akamgeukia daktari wake, aliyekuja mbio nyuma yake.

“Andika kupigwa. Aliyenipiga ni huyu hapa, mume wangu.”

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitambaa, damu bado inatoka, hivyo mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeingiza misimbo.

Sasa anajichoma sindano za insulini, na kila mlo ana dawa ya kusagia chakula. Ameanza kunenepa. Kupona hatapona, hilo tumelilia, tumelikubali. Mlango ukijibamiza bado anaruka.

Shemeji yuko rumande. Mama yake alikuja kuomba tuyamalize kifamilia. Kitinda alimpa maji ya kunywa, akamfungulia mlango wa kutokea.

Najua damu inakuchemka. Usije kulipiza, tafadhali. Njoo ukae na Kitinda mahakamani.

Juzi kliniki muuguzi mgeni aliusoma ule msimbo, akamuuliza aliupataje ugonjwa usio wa kawaida hivi. Kitinda akajibu benchi zima likasikia: “Nilipigwa.” Mwanamke aliyekaa kando yake akavuta mtandio afiche alama za vidole shingoni. Baadaye akauachia, akamsogelea.

Nisalimie wifi, pacha wako wote wawili, na jirani yenu Bibi Kicheko. Mungu awafunike, awape usingizi usio na hofu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye mno,
Shangazi wa Pacha